Kosa Moja au Kumi na Saba?

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha kuhusu mama yake, na kwa kurasa mbili nzima mama yule akawa mwanamume. "My mother he wakes up early." "He works in a hospital." "He loves us." Nikashika kalamu nyekundu, nikakata kila "he" na kuandika "she" juu yake. Mara 17. Nilipomaliza niliridhika kama mtu aliyepalilia shamba zima kabla jua halijawa kali.

Kesho yake nikarudisha madaftari. Kipindi kilipokwisha, mwanafunzi yule akaja mezani na daftari lake likiwa wazi.

"Samahani mwalimu. Haya ni makosa kumi na saba, au ni moja?"

Nilimwambia akaandike upya insha yote. Nilikuwa na haraka ya kuingia darasa jingine, lakini hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu hutoa kazi ya ziada.

Kabla sijaendelea, tazama kitu. Mpaka hapa sijakwambia kama mwanafunzi huyu ni wa kike au wa kiume, na hujakwama popote. Kiswahili hakikunidai. Kwetu "a-" inatosha: anaamka, anafanya kazi, anatupenda. Kiingereza kinataka kujua jinsia ya mtu kabla hakijakuruhusu kusema kwamba ameamka. Mwanafunzi wangu hakusahau kwamba mama ni mwanamke. Alikuwa na kiwakilishi kimoja mahali ambapo Kiingereza kinadai viwili, akakitumia hicho kimoja kwa uaminifu, mara 17 bila kukosea hata moja. Angekuwa anabahatisha, "she" ingejipenyeza mahali fulani kwa bahati tu.

Haya nayaona sasa. Siku ile niliona wekundu tu.

Swali lile lilikaa nami kama mwiba mdogo, wa aina ile usioumiza lakini kila ukikanyaga unakumbuka upo. Lilinipeleka maktaba miaka kadhaa baadaye, niliporudi chuoni kusoma zaidi, na huko nikakutana na makala ya kurasa kama kumi hivi iliyochapishwa mwaka 1967. Mwandishi wake, S. Pit Corder, alikuwa akifundisha isimu tumizi, yaani elimu ya lugha inayohusika na mambo kama ufundishaji, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na makala yenyewe ilihusu maana ya makosa ya wanaojifunza lugha.

Kabla ya Corder mambo yalionekana mepesi. Lugha ni mazoea, walisema, na kosa ni mazoea ya lugha ya nyumbani yanayong'ang'ania. Charles Fries alianzisha taasisi ya kufundishia Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1941. Robert Lado, aliyefanya kazi naye, akatoa mwaka 1957 kitabu kinachoeleza jinsi ya kuzilaza lugha mbili ubavu kwa ubavu ili mwalimu ajue mapema mwanafunzi atajikwaa wapi. Mazoezi yakafuata: sema, rudia, badilisha neno moja, rudia tena. Nami nilifundishwa hivyo, na hata leo naweza kukariri sentensi nzima za mazoezi ambazo sijawahi kuzihitaji maishani.

Kwa zile "he" 17, Lado anapata alama zote. Laza Kiswahili na Kiingereza ubavu kwa ubavu, utaliona shimo kabla mwanafunzi hajatumbukia. Corder naye hakukana kwamba lugha ya kwanza inahusika. Alichofanya ni kutukumbusha jinsi tunavyowasikiliza watoto wadogo. Mtoto akisema "taka maji", nani anamwekea alama ya kosa? Tunacheka, tunampa maji, tunawaambia majirani ameanza kusema. Sentensi ile tunaipokea kama habari ya hatua aliyofika. Sasa kijana wa miaka 14 anayejifunza lugha ya pili kakosa nini hata asipewe heshima hiyohiyo?

Corder akatenganisha mambo mawili ambayo kalamu yangu ilikuwa ikiyachanganya. Kuna kuteleza: mtu anajua, lakini kachoka, kaharakisha, ulimi umemponyoka, ukimwonyesha anajirekebisha mwenyewe. Halafu kuna kosa lenyewe, lile linalotoka ndani ya mfumo ambao mwanafunzi amejijengea kichwani. Hilo hawezi kulirekebisha kwa kuangalia tena, kwa sababu kwake yeye si kosa, ndiyo kanuni. Wahenga wetu walishasema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini wahenga hawakuandika katika majarida ya isimu, kwa hiyo ikabidi tumsubiri Corder.

Mwaka 1972 Larry Selinker akaupa mfumo huo jina, kwa maana ya lugha iliyo katikati: imetoka lugha ya kwanza, haijafika ile inayotafutwa, na njiani ina kanuni zake yenyewe. Akaongeza na habari mbaya. Baadhi ya kanuni hizo huganda, zikabaki hata mtu akisoma miaka mingapi. Mimi nimefundisha Kiingereza nusu ya umri wangu na bado nikichoka nasema "even me", kwa kuwa "hata mimi" imekataa kustaafu kichwani mwangu.

Kwa hiyo jibu la Corder lingekuwa: moja. Kosa moja, limeonekana mara 17.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilikuwa nimeshaonja. Nikaanza kuwasoma wengine, na taratibu nikagundua kwamba wale ninaowarudia karibu wote walikuwa na darasa lililowashinda. Nadharia ilikuja baadaye. Mwanzo kulikuwa na watoto mbele ya mwalimu, na kitu ambacho hakikwenda.

Michael West ni mmoja wao. Mwingereza huyu alikuwa katika utumishi wa elimu nchini India wakati wa ukoloni, akafanya kazi Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh. Alichokiona Bengal ni kwamba watoto wengi waliacha shule baada ya miaka michache, ilhali masomo ya Kiingereza yalipangwa kana kwamba wote watafika mwisho. Mtoto aliyesoma Kiingereza kwa miaka miwili aliondoka na nusu ya alfabeti ya kila kitu: sarufi kidogo, matamshi kidogo, mashairi mawili ya kukariri. Hakuweza kufanya lolote nayo.

West akaazima hesabu ya watu wa bima. Ukivunja mkataba wa bima kabla ya muda wake, kuna kiasi fulani unarudishiwa. Je, mtoto anayeivunja safari ya Kiingereza katikati anarudishiwa nini? Swali hilo, lililomo katika utafiti wake wa mwaka 1926, naliona kuwa miongoni mwa maswali ya kiungwana zaidi yaliyowahi kuulizwa katika fani hii. Jibu lake lilikuwa kusoma. Mtoto anayeweza kusoma hata kidogo ana kitu cha kuondoka nacho, kwa sababu kusoma hakuhitaji mtu wa kuzungumza naye.

Basi akageukia vitabu vya kusomea, akaona tatizo: maneno mapya yalimwagwa kama mvua ya mawe, na mengi yao mtoto hangekutana nayo tena. West akaziandika hadithi upya, akitoa neno la nadra na kutia la kawaida, kisha akayatawanya maneno mapya ili kila moja lirudi mara kadhaa kabla jingine halijaingia. Mwaka 1935, akishirikiana na James Endicott, alitoa kamusi ya wanaojifunza ambayo maelezo yake yote yameandikwa kwa maneno 1,490 tu. Ukiwa umewahi kutafuta neno gumu katika kamusi ukakuta limeelezwa kwa neno gumu zaidi, utajua kwa nini nampenda mtu huyu. Orodha yake maarufu ya maneno ya msingi, kama 2,000 hivi, ilitoka mwaka 1953, na mpaka sasa watunga vitabu wanabishana nayo, jambo ambalo ni namna ya kuiheshimu.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mtumishi wa dola iliyojitwalia nchi ya watu, na aliwaamulia watoto wa Bengal kwamba kusoma kutawatosha. Sijui kama kuna aliyewauliza. Lakini nikipanga masomo ya muhula, swali la bima liko mezani: akiondoka mwezi ujao, huyu ameondoka na nini?

Hadithi ya pili inaanzia Japani. Harold Palmer alifika Tokyo mwaka 1922 kuwa mshauri wa wizara ya elimu katika ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka uliofuata taasisi ya utafiti ikaanzishwa chini yake. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa kawaida tu, kijana aliyekwenda kufundisha katika mji wa Oita mwaka 1924. Baadaye alivutwa katika kazi ya Palmer, na Palmer alipoondoka mwaka 1936, Hornby akaendelea. Wanafunzi wake Wajapani walijua maana ya maneno mengi ya Kiingereza. Shida yao ilikuwa wakishalijua neno, waliweke wapi.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa shida hiyo ni yetu pia. Mwanafunzi anayezungumza Kiswahili atakuambia "explain me this word". Kosa limetoka wapi? Sisi tuna kauli ya kutendea. Tunachukua "eleza", tunapachika, tunasema "nielezee", na mtu anayeelezewa kashaingia ndani ya kitenzi, kakaa vizuri, mambo yamekwisha. Kiingereza kina vitenzi vinavyokubali jambo hilo na vingine vinavyokataa: "tell me" sawa, "show me" sawa, "explain me" hapana. Sababu? Mzawa wa Kiingereza hana. Ukimuuliza atakwambia haisikiki vizuri, na kamusi alizotungiwa yeye hazisemi lolote, kwa sababu hajawahi kuihitaji habari hiyo. Anayeihitaji ni mimi na wewe na yule Mjapani wa Oita.

Hornby na wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, wakatunga kamusi inayotoa habari hiyo. Kila kitenzi kilionyeshwa kinakaa katika umbo gani la sentensi: kinataka nini baada yake, kinakataa nini. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati Japani na Uingereza ziko vitani. Hornby alikuwa amewekwa kizuizini vita vilipofika huko, na mwaka huohuo akarudishwa kwao. Mwaka 1948 wachapishaji wa Oxford wakaitoa tena kamusi ileile kwa jina jipya, nayo ndiyo mama wa ile kamusi kubwa ya wanafunzi inayojulikana kila pembe ya dunia. Yaani mojawapo ya kamusi za Kiingereza zinazouzwa zaidi ilizaliwa kutokana na makosa ya wanafunzi wa Japani. Nikiwaambia wanafunzi wangu hivyo, huwa wanakaa wima kidogo.

Hornby ndiye pia aliyeanzisha, mwaka 1946, jarida la ufundishaji wa Kiingereza ambalo mpaka leo linatoka. Nitalirudia jarida hilo.

Sasa, kama kosa ni habari, nani anayepewa kazi ya kuisoma? Hapa fani yetu ina doa. Mwaka 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka 31 baadaye, mwanaisimu Robert Phillipson alichambua kilichotoka katika enzi ile na kukuta nguzo tano: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, mwalimu bora ni mzawa wa Kiingereza, kianze mapema iwezekanavyo, kiwe kingi iwezekanavyo, na lugha nyingine zikitumika sana, Kiingereza kitashuka. Phillipson aliziita zote tano imani potofu.

Nilipozisoma nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Zilikuwa zimeandikwa ukutani mwa maisha yangu. Shule niliyosoma ilikataza lugha yetu kuanzia getini. Chuo nilichosomea ualimu kilinifundisha kwamba kutafsiri neno moja ubaoni ni uvivu. Nami nikapitisha mzigo uleule: nilikuwa nikitumia dakika kumi za maigizo, picha na mikono hewani kueleza neno "although", wakati "ingawa" imekaa mlangoni inasubiri kuitwa.

Simfuati Phillipson kila anapokwenda. Anapoeleza jinsi Kiingereza kilivyosambazwa na nani aliyefaidika, nampa mkono. Lakini wakati mwingine mwalimu aliye darasani anatoweka katika maelezo yake, anabaki chombo cha mkubwa fulani aliye mbali. Mimi nilikuwa chombo, sawa. Lakini chombo kilichokuwa kinajifunza.

Aliyenigusa zaidi ni Péter Medgyes, Mhungari, mwalimu wa Kiingereza ambaye hakuzaliwa nacho. Mwaka 1992, katika jarida lilelile la Hornby, aliuliza swali ambalo wengi walikuwa wakilinong'ona: kati ya mwalimu mzawa na asiye mzawa, nani ana thamani zaidi? Miaka miwili baadaye akalitolea kitabu kizima. Alisema mwalimu asiye mzawa ni mfano hai wa mtu aliyejifunza akafanikiwa; anajua njia kwa sababu ameipita kwa miguu; anayaona mashimo kabla mwanafunzi hajafika; na akiwa na lugha moja na wanafunzi wake, ana daraja ambalo mzawa hana. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema wazi pia kwamba Kiingereza chetu kina mapungufu, kwamba tunajua tuna mapungufu, na kwamba kujua huko hutufanya tujifiche nyuma ya sarufi na vitabu vya kiada.

Aliniona, kwa ufupi. Niliwahi kuomba kazi katika kituo kimoja cha lugha, nikafanya usaili vizuri, kisha nikaambiwa kwa upole kwamba wateja wao wanapendelea wazawa. Nafasi ilimwendea kijana ambaye, nilivyokuja kujua, hakuwahi kufundisha hata siku moja. Nilimpigia simu rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, nikilalamika. Akaniuliza: "Wangemuuliza kwa nini hatusemi 'explain me', yeye angejibu nini?" Nikacheka. Hasira haikuisha, lakini ilipata kiti.

Kuna ugomvi mwingine mkubwa hapa, wa Braj Kachru na Randolph Quirk, nao nitaupitia haraka ingawa unastahili makala yake. Kachru, mwanaisimu mzaliwa wa Kashmir, alichora mwaka 1985 duara tatu: nchi za wazawa wa Kiingereza ndani, nchi zilizokipata kupitia ukoloni katikati, na nchi zinazokisoma kama lugha ya kigeni nje. Alisema waliomo duara la kati wana Kiingereza chao kamili, chenye kanuni zake. Quirk, mmoja wa wanasarufi wakubwa wa Kiingereza wa karne ya 20, alionya mwaka 1990 kwamba mwanafunzi anayenyimwa Kiingereza sanifu kwa jina la uhuru anadanganywa, kwa kuwa sanifu ndiyo inayofungua milango. Kachru akamjibu mwaka uliofuata. Moyo wangu uko kwa Kachru. Mkono wangu, ule unaosahihisha mitihani, uko kwa Quirk, na nikidai vinginevyo nitakuwa mwongo. Mtahini hatamuuliza mwanafunzi wangu yuko duara gani.

Basi tumekubaliana kosa ni nini na nani alisome. Bado kulitibu. Na hapa ndipo fani hii ilipofurahisha zaidi, hasa miaka ya 1960 na 1970, kila mtu alipokuwa na dawa. Caleb Gattegno, mzaliwa wa Alexandria, Misri, alitaka mwalimu anyamaze na kutumia vijiti vya rangi. Georgi Lozanov wa Bulgaria aliwakalisha wanafunzi katika viti vya starehe na muziki ukipigwa. James Asher aliwaamuru wasimame, wakae, waguse mlango. Niliwahi kuhudhuria semina ya vijiti. Mwezeshaji alinyamaza kwa dakika 40, nasi tukanyamaza kwa adabu, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kukosea kijiti.

Kisha N. S. Prabhu. Kati ya mwaka 1979 na 1984 aliongoza mradi kusini mwa India uliopewa jina la mji wa Bangalore, katika shule za kawaida, ambako aliacha kufundisha sarufi moja kwa moja. Watoto walipewa kazi: soma ramani hii, tafuta katika ratiba hii ya treni safari ipi itamfikisha mtu kwa wakati. Akili ikishughulika na treni, alidhani, lugha itajipanga yenyewe. Wengi wanaofundisha leo kwa kazi za vitendo wanatembea njia aliyoifyeka yeye.

Lakini ninachokithamini zaidi ni makala aliyoiandika mwaka 1990, akiuliza kwa nini hakuna mbinu iliyo bora kuliko zote. Mtu aliyekuwa na mbinu ya kuuza alisimama akasema mbinu siyo inayoamua. Jibu rahisi, kwamba inategemea mazingira, alilichambua akaona halitoshi. Akasema cha kuangalia ni kama mwalimu mwenyewe anaamini anachofanya kinamfikisha mwanafunzi mahali: kama ana hisia hai ya namna kujifunza kunavyotokea mbele yake, hisia ambayo iko tayari kubadilishwa na anachokiona. Adui, kwake, ni ufundishaji uliogeuka mashine. Nilipoisoma nilikumbuka kalamu yangu ikipita juu ya zile "he", moja baada ya nyingine, kama cherehani.

Na kalamu yenyewe, inasaidia? Mwaka 1996 John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii, kunaweza kudhuru, na kuachwe. Ofisi za walimu duniani hazijasimama sawasawa tangu hapo. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kwamba ni mapema mno kusema hivyo, kwamba kusahihisha kuna aina nyingi, na kwamba wanafunzi wenyewe wanakutaka. Mjadala unaendelea. Mimi nimeegemea kwa Ferris kwa sababu isiyo ya kisayansi: nilijaribu kuacha kabisa kwa muhula mmoja, na wanafunzi wakadhani sisomi kazi zao.

Aliyenipa njia ya kati ni Richard Schmidt. Alikuwa mwanaisimu aliyejitoa mwenyewe kuwa mfano: alijifunza Kireno Brazil, akaandika shajara ya kila anachokigundua, na mazungumzo yake yakarekodiwa. Mwaka 1986 yeye na Sylvia Frota walilinganisha shajara na sauti. Maumbo aliyoanza kuyatumia yalifuatana sana na yale aliyoandika kwamba ameyagundua yakisemwa na wengine. Mengine yalikuwa yakipita masikioni mwake kila siku, na hayakuingia mpaka siku alipoyaona. Kuona, kwa maana ya fahamu kushtuka, ndilo lango.

Basi nikabadilisha. Siku hizi nikikuta kosa linalojirudia nalipigia mstari mara moja tu, naandika pembeni "tafuta ndugu zake", na kumwachia mwanafunzi awatafute. Wengine wanalalamika kwamba namkwepa Mungu kazi aliyonipa. Labda.

Nilikuwa nimehifadhi nakala ya insha ile ya mama. Niliitoa mwaka jana kuwaonyesha walimu vijana, nikaisoma kwa sauti, na katikati ya ukurasa wa kwanza nikasita. "He wakes." "He works." "He loves." Kila kitenzi kilikuwa na "s" yake. Ile "s" ya nafsi ya tatu ambayo watafiti wa miaka ya 1970 waliiona ikichelewa kuingia hata kwa watu wanaozungumza Kiingereza vizuri, ile ambayo naipigania kila muhula, ilikuwepo mara 17, imesimama pembeni ya kila "he" niliyoikata. Wino wangu mwekundu ulipita juu yake bila kugusa. Hakuna mahali popote katika daftari lile nilipoandika kwamba nimeiona.

Mwalimu mmoja kijana aliyekaa nyuma akainua mkono. "Sasa mwalimu, hizo nazo unazihesabu kumi na saba, au moja?"